Mashujaa Hawabebi Mihogo

Jeshi la watu 10,000 lina matumbo 10,000. Mpe kila askari kilo moja ya unga kwa siku, bila nyama, bila chumvi, bila sombe, na tayari unatafuta tani kumi kila jua linapochomoza. Mpagazi wa misafara ya zamani iliyotoka Zanzibar alibeba kama frasila mbili, yaani kilo thelathini na kitu. Tumpe thelathini kamili ili hesabu iwe nyepesi. Safari ikiwa ya siku kumi, yeye mwenyewe atakula kilo kumi njiani, zibaki ishirini za wapiganaji. Kwa hiyo jeshi hilo linahitaji wapagazi 5,000, na hao ni wa kwenda tu. Ukitaka warudi kwao wakiwa hai, anza hesabu upya.

Katika riwaya za falme za kubuni, zile zenye majoka yarukayo, wafalme waliopokonywa viti na panga zilizopewa majina, wapagazi hao 5,000 sijawaona. Jeshi huondoka milimani katika sura moja, likafika baharini katika sura inayofuata, limeshiba na viatu vyake vizima. Vijana wa Kisangani wanazipenda hadithi hizi, nami nazipenda, na wapo wanaojaribu kuandika za kwao, zenye misitu yetu na mto wetu. Ni jambo jema. Tena mji huu unafaa sana kwa kazi hiyo, kwa kuwa wenyewe umezaliwa na mzigo. Meli inayopanda kutoka Kinshasa husimama hapa kwa sababu mbele yake kuna maporomoko ya Boyoma, saba, yamejipanga kwa urefu wa kilomita kama mia moja. Kila kitu lazima kishushwe. Reli ya kilomita 125 kutoka ng'ambo ya kushoto hadi Ubundu ilijengwa ili kuyazunguka maji ambayo hakuna mtumbwi wenye shehena ungeweza kuyapanda. Mwandishi aliyekulia hapa hana udhuru wa kusahau kwamba vitu vina uzito.

Watunzi wa zamani hawakusahau. Ukizisikiliza simulizi za mashujaa kwa makini, utagundua kwamba uchawi hauingii popote tu. Huingia pale hasa ambapo mzigo umewashinda watu.

Chukua Mwindo, shujaa wa Wanyanga wa upande wa Walikale, kwenye barabara itokayo Kisangani kwenda Bukavu. Simulizi yake ilisimuliwa na Rureke mwaka 1956, ikaandikwa na Daniel Biebuyck, kisha ikachapishwa mwaka 1969 kwa ushirikiano na Kahombo Mateene. Watu hukumbuka mtoto aliyezaliwa akisema na kutembea, usinga wake wa mkia wa nyati, baba aliyetaka kumwua. Mimi hukumbuka sehemu ambayo haitajwi sana. Mwindo anakwenda kuuvamia mji wa baba yake, Tubondo, akiwa na wajomba zake na shangazi yake Iyangura. Wanafika karibu na mji, giza linaingia, na hapo linazuka swali ambalo kila kamanda wa kweli hulijua: watu wote hawa watalala wapi, na watakula nini? Shangazi ana wasiwasi. Wajomba wana wasiwasi. Mwindo anaimba, nyumba zinakuja. Anaimba tena, na chakula kilichohifadhiwa Tubondo kinaondoka chenyewe kwenye ghala za baba yake, kinawafuata wavamizi.

Hapo msimulizi anasema mambo mawili kwa pamoja. Kwanza, jeshi lililotoka mbali halina chakula. Pili, chakula kilichopo ni cha wenyeji, na kitachukuliwa. Anachokiondoa kwa muujiza ni tendo lenyewe la kuchukua: mlango uliovunjwa, mama aliyesukumwa kando, mbuzi anayeburutwa. Katika simulizi vyakula vinatembea kwa miguu yao. Katika vita vya kwetu vilitembea kwa migongo ya wenye mashamba, bunduki ikiwa nyuma yao. Na hata Rureke hakuwafanya wajomba kuwa watu wasiokufa. Wanashuka kupigana, wanaangamia, na ni baadaye tu Mwindo anawafufua kwa usinga wake.

Yule Mwingereza J.R.R. Tolkien, ambaye riwaya zote za aina hii humwamkia kama babu, alikuwa ofisa wa mawasiliano ya jeshi katika vita vya Somme mwaka 1916. Sidhani ni bahati tu kwamba mmoja wa miujiza yake midogo kabisa ni mkate: kipande kimoja chaweza kumtembeza mtu siku nzima. Aliyewahi kungoja chakula kwenye handaki ndiye anayebuni mkate wa namna hiyo. Kati ya mkate ule na wimbo wa Mwindo pana bahari na misitu mingi, lakini njaa iliyovizaa ni moja.

Pwani nako wametuachia mfano, wa aina nyingine. Utenzi wa Tambuka, ambao Bwana Mwengo wa Pate aliutunga mwaka 1728, una beti zaidi ya elfu moja za vita kati ya Waislamu na Herekali, mfalme wa Warumi. Ndani yake watu wanapigana kwelikweli, na Ali anang'ara. Lakini safari ya Tabuk ya mwaka 630, ambayo utenzi umejengwa juu yake, haikuwa na pigano kubwa. Jeshi lilifika, likakaa, likarudi. Wanahistoria wa Kiislamu waliliita jeshi la dhiki. Lilikuwa joto kali, ngamia hawakutosha, matunda yalikuwa yanaiva nyumbani. Uthman bin Affan alisifiwa kwa kutoa mali kuwavisha na kuwapandisha wanajeshi. Kurani yenyewe, katika Sura ya Tawba, inawataja waliorudi wakilia kwa sababu hapakuwa na mnyama wa kuwabeba. Historia ilikumbuka ngamia, mtunzi akatuimbia panga. Simlaumu, nani angekaa usiku kucha kusikiliza orodha ya ngamia? Ila nadhani yule mtu anayelia kwa kukosa ngamia ni mhusika mkubwa kuliko mashujaa kumi wanaokata vichwa, na bado anamsubiri mtunzi wake.

Turudi mtoni. Mwaka 1887 Henry Morton Stanley alipanda Kongo kwenda kumwokoa Emin Pasha upande wa Ziwa Albert. Ukiisimulia kwa juu juu, ni hadithi ya kishujaa iliyokamilika: gavana aliyezingirwa, msitu usiojulikana, jeshi la wokovu. Kabla ya safari, kule Zanzibar, mfanyabiashara Tippu Tip alikubali kuwa wali wa Stanley Falls, yaani hapa, na akaahidi wapagazi 600 wa kubeba risasi. Stanley akatangulia na waliokuwa na nguvu, akaacha kikosi cha nyuma Yambuya, kwenye mto Aruwimi, katika eneo ambalo leo ni mkoa wetu wa Tshopo. Kikosi hicho kilikuwa na mizigo lakini hakikuwa na migongo ya kuibeba. Kikangoja wapagazi. Kikangoja mwaka mzima.

Walichokula ni mihogo. Hapa mama yeyote wa Lubunga, ng'ambo ya kushoto ya mji, angewaokoa bila bunduki wala dawa. Mihogo michungu ya msituni ina sumu. Huvundikwa majini siku tatu au nne mpaka ilainike, ndipo ianikwe, itwangwe, au ifungwe kwenye majani iwe kwanga. Wale watu, wengi wao Wazanzibari, pamoja na Wasudani, walikuwa na njaa, na mwenye njaa hangoji siku nne. Waliila ikiwa haijaiva majini, wakadhoofika, wakafa mmoja mmoja. Walifia kambini, bila vita, huku wamelizunguka rundo la risasi. Wapagazi wa Tippu Tip walipofika hatimaye mwaka 1888, wachache kuliko ilivyoahidiwa, kikosi kilikuwa kimekwisha kuoza kwa ndani. Mkuu wake, Barttelot, alipigwa risasi mwezi Julai huko Unaria, safari ikiwa ndiyo kwanza imeanza. Wasomi wamebishana sana nani alaumiwe, Stanley kwa haraka yake au Tippu Tip kwa hesabu zake za kibiashara. Mimi nashangaa kwamba katika mabishano yote hayo mpishi hatajwi.

Mwaka 1886, kabla ya safari hiyo, kituo cha Wazungu cha Stanley Falls kilianguka kwa sababu rahisi zaidi: watu wa Tippu Tip walikishambulia, risasi zikakiishia. Deane aliyekisimamia akakitia moto, akakimbilia msituni. Hakukuwa na zaidi ya hapo.

Kwa habari za kijeshi, watu wa mto huu walikuwa na kitu ambacho waandishi wa riwaya hukitafuta kwa kunguru na vioo vya uchawi. Ngoma za magogo za Walokele, ambazo mmisionari John Carrington wa Yakusu alizichunguza na kuziandikia kitabu mwaka 1949, zilifikisha ujumbe kijiji hadi kijiji kabla ya mtu yeyote kufika. Zilikuwa na gharama yake. Ngoma ina sauti mbili tu, ya juu na ya chini, kwa hiyo kila neno lazima lizungushwe kwa msemo mrefu lisichanganywe na jingine. Na kila mtu mtoni alisikia. Stanley aliposhuka mto mwaka 1877 alisikia habari zake zikimtangulia, na kwenye mdomo wa Aruwimi mitumbwi mikubwa ya vita ilikuwa tayari inamngoja. Ngoma ya wote haina siri. Mtunzi angeweza kujenga vita vizima juu ya jambo hilo moja.

Lakini kama ni uchawi wa vita unaotafutwa, Kisangani haihitaji kuuazima kwa Tolkien. Tarehe 5 Agosti 1964, mji huu, ukiitwa bado Stanleyville, ulikuwa mikononi mwa waasi walioitwa Wasimba. Wengi wao walikuwa vijana, wengine na bunduki, wengi na mikuki na mapanga, chini ya Nicholas Olenga. Mganga aliwachanja na kuwanyunyizia maji, na wakienda vitani walipiga kelele ya Mai Mulele ili risasi zigeuke maji. Pierre Mulele mwenyewe alikuwa Kwilu, magharibi ya nchi, akiongoza uasi wake mwingine. Jina lake lilisafiri, yeye hakusafiri.

Watu husimulia dawa hiyo ama kwa kicheko ama kwa woga. Tuitazame kama mtu wa ghala anavyotazama shehena. Jeshi la Serikali lilikuwa na magari, bunduki na mishahara. Wasimba hawakuwa na kimojawapo cha kutosha. Dawa ilikuwa badala ya vyote vitatu. Na ilikuwa na masharti: usiibe, usiguse mwanamke, usigeuke nyuma, nenda moja kwa moja mbele. Yasome polepole. Hayo ni maagizo ambayo kila jeshi hujitahidi kuwafundisha makuruta kwa miezi sita na kwa viboko. Kijana asiyelipwa, asiye na sare, anafundishwa kwa jioni moja kwamba akikimbia atakufa, na akipora atakufa. Aliyeanguka, alikuwa amevunja mwiko. Kwa hiyo dawa haikuweza kushindwa, ni mtu tu aliyeshindwa. Na ilikuwa na kazi kubwa zaidi upande wa pili: askari wa Serikali nao waliiamini. Mara kadhaa walikimbia kabla ya kupigana, wakaacha magari na silaha, na Wasimba wakajikuta wana vile ambavyo dawa ilikuwa imeziba nafasi yake.

Kama ilivyo kwa vifaa vyote, ilikuwa na mipaka. Ilihitaji waganga, na waganga hawako kila kona. Ilihitaji adui anayeiamini. Mamluki wa Mike Hoare na marubani wa ndege hawakuiamini. Masharti nayo yalivunjwa, na vibaya. Raia Wakongo waliuawa hadharani mbele ya mnara wa Lumumba, na mateka Wazungu walikusanywa mahotelini. Tarehe 24 Novemba 1964 makomando wa Ubelgiji, zaidi ya 300, waliruka kwa miamvuli juu ya uwanja wa Simi-Simi kutoka kwenye ndege za Kimarekani zilizotoka Ubelgiji, zikapita Hispania, zikapita kisiwa cha Ascension katikati ya Atlantiki, zikapita Kamina. Wasimba walikuwa wameziba njia ya ndege kwa mapipa na magari. Kazi ya kwanza ya makomando wale, kabla ya ushujaa wowote, ilikuwa kusogeza mapipa.

Mwaka uliofuata Che Guevara alivuka Ziwa Tanganyika na Wacuba wake kuwasaidia waasi wa upande wa Fizi. Alikuta dawa, na akakuta pia wapiganaji waliokataa kubeba magunia ya chakula kuyapandisha mlimani. Walimwambia kwa Kiswahili kwamba wao si magari. Che, daktari aliyekuwa ameshinda vita kisiwani Cuba, alisikitika sana. Mimi husoma habari hiyo kwa huruma kwa pande zote mbili. Nchi hii ilibebeshwa mizigo kwa kiboko tangu enzi za misafara na za Leopold. Bunduki mabegani ilikuwa ahadi kwamba gunia limeondoka. Halafu anakuja mgeni na kukuambia kuwa mapinduzi nayo yanaanza na gunia. Alisema kweli, na kukataa kwao kulikuwa na sababu.

Msitu wenyewe, ambao katika riwaya huvukwa kwa kurasa mbili, tuliuona ukivukwa mwaka 1997. Wakimbizi wa Rwanda waliofukuzwa Kivu walitembea hadi Tingi-Tingi karibu na Lubutu, zaidi ya 100,000, na wengine wakaendelea hadi Ubundu na ng'ambo yake. Nyuma yao walikuja waasi wa AFDL, nao kwa miguu, wengine kadogo, yaani askari watoto, wenye mabuti ya mpira. Kisangani ilianguka tarehe 15 Machi. Ukitaka kujua msitu hufanya nini kwa mguu wa mtu, kwa mtoto mgongoni, kwa kisima kinachochotwa na watu elfu mia, usiende kwa majoka.

Kisha vikaja vita vya siku sita. Kuanzia tarehe 5 hadi 10 Juni 2000, majeshi ya Uganda na Rwanda, marafiki wa jana, walipigana katikati ya mji ambao haukuwa wa yeyote kati yao. Waganda walikuwa upande wa kaskazini, ng'ambo ya mto Tshopo. Warwanda walikuwa mjini. Makombora zaidi ya 6,600 yaliruka juu ya nyumba zetu na ndani yake. Umoja wa Mataifa ulikadiria raia zaidi ya 760 waliouawa na kama 1,700 waliojeruhiwa, na nyumba zaidi ya 4,000 zilizoharibika.

Kwa mtunzi, hivi ni vita visivyoimbika. Hakuna shujaa. Pande zote mbili zinatoka mbali na zina sababu zisizohusu waliokufa; almasi zilikuwa moja yazo. Lakini ndivyo vinavyofundisha zaidi jinsi vita vinavyofanya kazi. Kituo cha umeme cha Tshopo kiliguswa, taa zikazima, na taa zikizima pampu husimama, na pampu zikisimama mabomba hukauka. Hapo raia anayejificha chini ya kitanda analazimika kuchagua kati ya kiu na kombora, na wanaotumwa mtoni na ndoo mara nyingi ni wasichana. Mjini kuna chakula cha siku chache tu, kwa sababu kila asubuhi kinaletwa na mitumbwi kutoka ng'ambo na baiskeli kutoka vijijini. Mto ukifungwa, soko limefungwa. Si ajabu kwamba toleka, baiskeli zetu za abiria na mizigo, zilienea katika miaka ile ya kukosa petroli. Wapagazi wa frasila mbili walirudi wakiwa na magurudumu.

Baada ya mapigano huja sura ambayo sijawahi kuikuta katika riwaya yoyote ya falme za kubuni: ankara. Joka limechoma mji, mfalme amerudi kitini, na hakuna anayekaa mezani kuandika nani alipoteza paa. Kongo iliipeleka Uganda mbele ya Mahakama ya Kimataifa ya Haki huko The Hague, na mwaka 2005 Uganda ikaonekana kuwa inawajibika. Ilichukua miaka mingine zaidi ya kumi na sita kufika kwenye kiasi. Kongo ilidai zaidi ya dola bilioni 11. Tarehe 9 Februari 2022 Mahakama iliamuru milioni 325: milioni 225 kwa madhara ya watu, 40 kwa mali, 60 kwa maliasili, zilipwe kwa awamu tano. Tofauti hiyo kubwa ilitokana kwa sehemu kubwa na ushahidi. Ni familia gani iliyotoka kwenye moto ikiwa imeshika hati ya nyumba na cheti cha kifo? Mfuko wa kugawa fedha hizo, FRIVAO, una makao yake hapahapa Kisangani.

Tena hukumu hiyo inaihusu Uganda kwa sehemu yake tu ya uharibifu. Kesi ya Kongo dhidi ya Rwanda ilikwisha tarehe 3 Februari 2006 kwa Mahakama kusema haina mamlaka ya kuisikiliza. Kwa sheria, basi, kombora lililotoka kaskazini lina mlipaji, na lililotoka kusini halina, hata kama yote mawili yaliangukia uwanja mmoja katika mtaa wa Tshopo. Na aliyekuwa amelala kifudifudi chini ya kitanda tarehe 5 Juni hakuinua kichwa kutazama linatokea upande gani.